Zamu ya Maji ya Eutimio

Risasi ilikuwa moja tu. Erminda Lucero aliisikia akiwa bado ameshika gurudumu la lango la mfereji, na mwanzoni hakufikiria lolote, kwa sababu kwetu Rincón Hondo watu hupiga risasi kila asubuhi: wanafukuza kunguru, wanaua nyoka, wengine wanajaribu bunduki tu. Kisha akaona kwamba Capulín harudi. Kila alipomaliza kufungua lango, mbwa yule hurudi mbio, mdomo umejaa udongo, kumwonyesha alichokamata.

Aliacha beleshi palepale akavuka waya. Maji aliyoyafungua yalikuwa yameshamtangulia kwenye shamba la Eutimio Archuleta, yakiingia mashimo ya mafuko. Ndivyo ilivyo kwetu: maji yakiingia, mafuko wanatoka, na mbwa wa Erminda, msimamizi wetu wa maji, anakula sikukuu. Capulín aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, shamba kwa shamba, nyumba thelathini na mbili za mfereji wetu, na watu walikuwa wakimsubiri kwa hamu kama wanavyoyasubiri maji yenyewe.

Alimkuta amelala ubavu kwenye majani ya malisho, mweusi, maji yakimzunguka. Hatua kumi mbele alisimama Eutimio, bunduki imeelekea chini. Kondoo wake walikuwa wamejibana wote kwenye kona ya uzio.

"Umeamkaje, komadre," alisema Eutimio, akavua kofia.

"Salama, kompadre. Umemuua mbwa wangu."

"Nimemuua, komadre. Unisamehe sana. Alikuwa anakimbiza kondoo. Damu ile pale mdomoni, tazama mwenyewe. Mwezi huu nimeshapoteza wanakondoo wawili."

Asishangae mtu kusikia wanaongea hivyo juu ya maiti. Kwetu, mtu akimshika mwanao kwenye ubatizo, tangu siku hiyo humwiti tena kwa jina. Yeye ni kompadre, mkewe ni komadre, nao wanakuita hivyohivyo, na mdomo wa matusi unafungwa mpaka mnazikana. Eutimio ndiye aliyemshika Rosendo, mtoto wa pekee wa Erminda, miaka thelathini na minane iliyopita. Kwa hiyo Erminda alipopiga magoti kwenye tope na kukipakata kile kichwa, maneno yaliyomjaa kooni hakuwa na ruhusa ya kuyatoa.

Alifungua mdomo wa mbwa kwa vidole. Akatoa manyoya mafupi ya kahawia. Akatazama huku na huku, akakiona kipande cha fuko kikielea karibu na mguu wa Eutimio.

"Damu ya fuko hii, kompadre. Na haya manyoya ya fuko."

"Naona, komadre. Lakini niliona pia kondoo wakikimbia."

"Kondoo wako wanakimbia hata karatasi ikipeperuka."

"Inawezekana. Ila mimi niliona nilichoona." Eutimio akatia mkono mfukoni, akatoa pochi. "Nina dola themanini hapa. Sijui bei ya mbwa, komadre, ila wa Casimiro alinunuliwa themanini."

Erminda alizitazama zile noti nne. Hakuzigusa.

"Rudisha hela zako, kompadre. Utazihitaji. Ila toroli lako naomba niliazime."

"Chukua. Acha nikusukumie."

"Asante, usijisumbue."

Akampakia Capulín kwenye toroli la mtu aliyemuua, akasukuma nusu kilomita ya barabara, akapita mbele ya posta tulipokuwa tumesimama tukingoja barua. Miguu ya mbwa ilikuwa inaning'inia nje. Wavulana wa kina Vigil walivua kofia bila kuambiwa.

Mumewe, Delfino, ana miaka sabini na moja na kifua kilichopasuliwa hospitalini. Daktari amemkataza kubeba hata ndoo. Aliposikia habari alichukua beleshi, akaenda mwisho wa shamba la maharage, akachimba mwenyewe, akipumzika kila baada ya mabeleshi matatu. Erminda hakumzuia. Walimfunika Capulín kwa blanketi alilolalia, Delfino akasema Baba Yetu kwa sauti ya chini, akaona aibu kidogo, akaimaliza hivyohivyo.

Jioni Rosendo alipiga simu kutoka mjini Albuquerque.

"Pole, mama. Baba ameniambia. Lakini mama, alikuwa mbwa. Na alikuwa mzee tayari. Jumamosi nakuletea mdogo, kuna mtu kazini kwetu anagawa watoto wa mbwa bure kabisa."

"Hata mimi ni mzee, Rosendo. Nikifa, mwambie baba yako aje huko kazini kwenu, wanagawa bure."

Akakata simu. Delfino alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

Siku zilizofuata wote waliokuja walisema maneno yaleyale. Ni mbwa tu, Minda. Shukuru si Delfino. Utapata mwingine. Mmoja alimwambia kwamba yeye alipofiwa na paka alinunua televisheni na ikamsaidia. Erminda aliwapa kahawa wote, akawasikiliza, akaosha vikombe. Asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, alikuwa akimega ukingo wa tortilla, chapati yetu, na kuushusha chini ya meza, na mkono unabaki unaning'inia hapo hauna wa kuupokea. Delfino aliona. Aligeuza uso dirishani mpaka mkono uliporudi juu.

Alilia? Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imekaa mahali pote.

"Eutimio atayapata maji," alimwambia mumewe siku ya nne, "siku atakaposimama mlangoni pa kanisa baada ya misa, aseme mbele ya watu wote kwamba Capulín hakuua kondoo."

"Minda, huyo ni kompadre wetu."

"Ndiyo maana sijamtukana."

Mwaka huo theluji ya mlimani ilikuwa haba, na Juni ilianza mto ukiwa umenywea. Maji yakiwa mengi, msimamizi hana ukubwa wowote, kazi yake ni kutembea na kufunguafungua. Maji yakipungua, yeye ndiye anayesema nani anapata na nani anangoja, na wote tuliweka sahihi kwamba hatutabishana naye. Erminda alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo kwenye mfereji wetu. Alitembea kilomita saba kila siku, kwenda na kurudi, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeweza kusema alimpendelea mtu.

Jumanne ilipofika, zamu ya Eutimio, alimkuta kompadre wake ameshasimama langoni, beleshi begani, mabuti ya mpira miguuni.

"Umeamkaje, kompadre."

"Salama, komadre. Naona umefunga mnyororo."

"Nimeufunga. Leo hupati maji."

"Lango lina matatizo?"

"Lango ni zima."

"Mto, basi?"

"Mto upo, ingawa mdogo."

"Sasa tatizo ni nini, komadre?"

"Tatizo ni mimi, kompadre."

Akamwambia anachotaka. Eutimio alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Kukuomba radhi nimeshakuomba, na nitakuomba tena hata kwa magoti," alisema. "Lakini kusimama kanisani niseme kitu ambacho sikijui, hapana. Niliona kondoo wangu wakikimbia na mbwa yupo nyuma yao. Hilo siwezi kulifuta."

"Basi kaa nalo. Siku njema, kompadre. Nisalimie komadre."

"Salamu zimefika."

Watu wengine wanasema ulikuwa uonevu. Ulikuwa uonevu, mimi sikatai. Lakini wangapi kati yetu walikwenda kumwambia? Kila mtu aliangalia zamu yake, akaona ipo, akanyamaza. Ndivyo tulivyo, maji yakiwa machache tunakuwa na adabu sana.

Wiki ya pili majani ya malisho ya Eutimio yaligeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Kondoo waling'ata mpaka mizizi. Siku moja Benita, mkewe, alipiga hodi kwa Erminda akiwa na sahani ya maharage na nyama iliyofunikwa kitambaa, moto, mvuke unatoka.

"Komadre, mimi sikushika bunduki," alisema kabla hajakaa.

"Najua, komadre. Karibu kiti."

"Nina miche mia tatu ya pilipili. Unajua mwenyewe, ndiyo tunayoiuza Septemba, ndiyo inayotulipia mafuta ya jiko la majira ya baridi. Majani yameanza kujikunja. Jana nimenyweshea kwa ndoo za jikoni, mgongo umekatika, nimefika miche arobaini tu."

"Pole sana, komadre."

"Nilikuwa nikimpa Capulín mifupa. Muulize mtu yeyote. Kila Jumanne."

"Najua. Alikuwa anarudi kwangu hana hamu ya kula."

"Sasa kwa nini unanifanyia hivi?"

Erminda alimtazama yule mwanamke ambaye walifua pamoja, wakajifungua mwaka mmoja, na akasema taratibu, "Mwambie kompadre aseme maneno matatu. Hayahitaji hata ndoo moja."

Benita aliondoka akiacha sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka mayai mawili, unaweka biskuti, ukikosa kabisa unaweka hata limau. Asubuhi yake Benita aliikuta sahani yake juu ya nguzo ya uzio, imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Alikaa chini kwenye ngazi ya nyumba akaishika mapajani muda mrefu. Mfereji mzima ulipata habari hizo kabla ya saa sita.

"Kwa sahani hiyo umevuka mpaka," Delfino alisema.

"Mpaka aliuvuka Eutimio."

"Na kuna kingine. Zamu yake ikifungwa, maji yanakwenda wapi?"

Jibu Erminda alikuwa nalo. Shamba la Eutimio ni la pili kutoka mwisho. La mwisho ni la kina Lucero.

"Yanashuka kwetu," Delfino akaendelea. "Maharage yetu hayajawahi kuwa mazuri hivi mwezi wa sita. Watu wa mfereji wana macho, Minda. Watasema umemfanyia hila ili unywe zamu yake."

"Nifanye nini? Niyaambie maji yapande mlima?"

"Yafungue kwake."

"Akishasema."

Casimiro Vigil, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, alikuja Jumatano. Alikataa kahawa, na hapo Erminda akajua amekuja kikazi.

"Watu wanaongea, Minda."

"Wanamwongelea Capulín?"

"Wanakuongelea wewe. Tulipokuchagua, kuna waliosema subirini, mwanamke atateleza. Mimi nilikutetea. Sasa unanipa kazi gani?"

"Andika barua ya kuniondoa. Halafu kesho alfajiri uchukue beleshi utembee wewe."

Casimiro ana kitambi na magoti mabovu. Aliangalia viatu vyake. "Mpe nusu zamu tu," alisema.

"Yeye alimpiga risasi nusu?"

Ijumaa ya wiki hiyo lori la mnadani lilikuja kwa Archuleta. Erminda alikuwa anazibua takataka kwenye mfereji, akaegemea beleshi akatazama. Kondoo majike kumi na tisa walipandishwa mmoja mmoja, na Eutimio aliwashika kila mmoja kichwani alipokuwa anapita. Mnunuzi alikuwa anawabonyeza mbavu na kutikisa kichwa, na kila akitikisa, bei inashuka, na Eutimio anakubali. Wa mwisho alikuwa yule mwenye sikio lililochanika, aliyemlea kwa chupa jikoni.

Erminda aliona raha. Nasema hivyo kwa kuwa mwenyewe alikuja kutuambia, hakuficha. Alisema raha ile ilimshika tumboni kama supu ya moto, akatembea nayo mpaka nyumbani, na alipofika mlangoni na kukuta hakuna aliyekuja kumpokea, ikawa imeshaisha, akataka nyingine.

Usiku wa Ijumaa iliyofuata kitu kilivuka uzio wa Eutimio kikaua mwanakondoo. Koo limeraruliwa, tumbo limeliwa. Nyayo zilikuwa za mbweha wawili, wazi kabisa kwenye vumbi, na lisingekuwa vumbi kama pangekuwa na maji. Eutimio alichuchumaa juu ya zile nyayo asubuhi nzima. Benita alimwita kula mara mbili, hakuja.

Jumapili misa ilipokwisha, padri akiwa bado anavua mavazi, Eutimio alitangulia kutoka na kusimama mlangoni ili kila mtu ampite. Tukajua. Tulijipanga nje, hakuna aliyewasha gari. Erminda alitoka akiwa amemshika Delfino mkono, amevaa gauni lake la bluu la sikukuu. Kila Jumapili tangu ile risasi alikuwa amevaa gauni hilo.

"Nina jambo la kusema," Eutimio alisema. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. "Mbwa wa komadre yangu hakuua kondoo wangu. Mbweha ndio waliua. Nilimpiga Capulín bure. Alikuwa mbwa mwema, aliniulia mafuko miaka kumi na moja, nami nikamlipa hivyo. Komadre, nimesema."

Sauti ilimkatika mwishoni na mzee yule, mwenye miaka sitini na sita, akaanza kutetemeka kidevu mbele ya wajukuu za watu. Wengine waliangalia pembeni. Erminda hakuangalia pembeni. Alikuwa ameyangoja maneno yale siku ishirini na sita, alikuwa ameyarudia kitandani kama sala, na sasa yametoka yote, hata zaidi ya aliyoomba, na ndani ya kifua hakuna kilichosogea. Capulín alikuwa bado amekufa.

"Asante, kompadre," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi nakufungulia. Zamu nzima."

Jumatatu Eutimio na Benita walikuwa langoni saa moja na nusu. Benita alikuwa amekuja na jembe dogo kuandaa vijito vya pilipili. Walisalimiana wote watatu kama kawaida. Erminda alifungua kufuli, akatoa mnyororo, akazungusha gurudumu mpaka mwisho wake.

Maji yalikuja membamba, upana wa kiganja, yamebeba majani makavu na povu. Yaliingia shambani, yakatambaa hatua nne, tano, yakafika kwenye nyufa, yakazama humo. Nyuma yake halikuja tone.

"Labda kuna kitu kimeziba juu," Erminda alisema. "Ngojeni hapa."

Alipanda mfereji, kilomita tatu na nusu, akiangalia kila lango. Yote yalikuwa yamefungwa, hakuna aliyeiba. Alipofika mtoni alikuta mto umeshuka usiku chini ya mdomo wa mfereji. Mawe yaliyokuwa majini juzi yalikuwa yamekauka na kuwa meupe. Alisimama pale akayatazama, kisha akashuka tena kilomita zilezile, na jua limeshakuwa kali.

"Mto umeshuka, kompadre. Hayafiki mdomoni. Mpaka mvua za Julai."

Eutimio aligeuka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya uzio, kwenye maharage ya kina Lucero, ya kijani, yamefika magotini, na nyuma yake majani ya malisho yamesimama mazito, ardhi bado nyeusi kwa unyevu.

"Jumanne iliyopita yalikuwepo, komadre."

"Yalikuwepo."

"Yakaenda kwako."

"Yalishuka yenyewe. Jumanne ulikuwa hujasema."

"Nimesema jana, mbele ya watoto wadogo. Na wewe ulikuwa unajua mto umekwisha."

"Sikujua. Naapa kwa mwanangu uliyemshika, sikujua."

"Sawa, komadre," Eutimio alisema kwa upole, akavaa kofia. Hakuamini hata neno moja.

Benita ndiye aliyevunja mwiko. Miaka thelathini na minane ya ukomadre, hajawahi kumwinulia Erminda sauti, na hata siku hiyo hakuinua. Alisema tu, "Erminda, wewe ni mwizi wa maji."

Kwa jina lake. Kwetu mtu anaweza kuitwa mlevi akaishi, anaweza kuitwa mzinzi na mwakani akabeba msalaba kwenye maandamano. Mwizi wa maji hata wajukuu zake huonyeshwa kidole. Kufikia mchana habari zilikuwa zimeshafika kwa kila nyumba, na posta walikohoa Erminda alipoingia. Alitaka kuwaeleza. Angewaonyesha nini? Maharage yalikuwa pale, mabichi, yanamshitaki. Aliyekuwa anajua kwamba hakujua ni yeye peke yake.

"Mimi nakuamini," Delfino alisema mezani.

"Wewe ni mume wangu. Huhesabiki."

"Sawa. Basi kwa kuwa sihesabiki, acha niseme." Aliweka kijiko chini. "Mwezi wa nne, Eutimio alikaa kiti hicho hicho. Akasema, komadre, siku za zamu yangu mfunge Capulín, wanakondoo wanazaliwa na kuna kitu kinawaua. Ukamjibu ndiyo, kompadre. Mimi nilikuwa hapa."

Erminda alisukuma bakuli pembeni.

"Nilidhani anasema mbwa wa watu wengine," alisema. "Alisema Capulín, nikasikia, nikajibu ndiyo, lakini nilidhani anasema tu. Kwa kuwa nani angemfunga Capulín? Angeyatangulia nani maji?"

"Najua, Minda."

"Nilimfungulia mwenyewe. Nilimwambia nenda."

Hapo ndipo alipolia. Alilia akiwa ameegemea meza, vibaya, kwa sauti, mpaka majirani wa pili wakasikia, na Delfino aliyekatazwa kubeba chochote alimbeba mabega akamsogeza mpaka kwenye kochi.

Jumanne saa mbili Erminda alitoka na koleo la kukatia waya. Alianza nguzo ya tatu, akakata nyaya nne za uzio kati ya shamba lake na la Archuleta, akazivuta pembeni mpaka pakawa na nafasi ya gari kupita. Eutimio alimwona akiwa kwenye zizi, akaja polepole.

"Umeamkaje, komadre. Unafanya nini?"

"Leta kondoo, kompadre."

"Wapi?"

"Hapa. Waanze na malisho, wakimaliza waingie kwenye maharage."

"Na nyinyi mtakula nini?"

"Yameota kwa zamu yako. Mimi si mwizi."

Eutimio alitazama lile pengo, akatazama kondoo wake ishirini na watatu waliobaki, mbavu nje. Alitamani kukataa. Mtu mwenye heshima angekataa mara mbili, akubali ya tatu. Lakini kondoo walikuwa wameshanusa, walikuwa wanalia.

"Mungu akulipe, komadre."

"Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo kabla hawajaingia."

"Nalijua. Hata mimi bado, komadre. Yule wa sikio nilimlea kwa chupa."

"Nilimwona akipanda lori."

Akasogea pembeni. Kondoo wakapita kwenye pengo wakisukumana, wakazama kwenye majani ya Delfino mpaka tumboni, na ikasikika sauti ya kutafuna tu. Jike mmoja kijana hakuwafuata wenzake. Alishika ukingo wa mfereji mkavu, akaanza kukimbia kuelekea barabarani, ambako malori ya mbao hupita bila kupunguza mwendo.

Erminda alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, mmoja mrefu na miwili mifupi.

Ulikwenda mpaka ng'ambo ya bonde ukarudi. Eutimio aliujua mluzi ule. Alikuwa ameusikia kila Jumanne. Walisimama wote wawili, bila kutaka, wakitazama upande ambao mbwa hutokea. Kondoo alikuwa bado anakimbia.

"Acha nimwendee," Eutimio alisema, na uso ulikuwa umemharibika.

"Magoti yako hayawezi, kompadre," Erminda alisema. Akaokota fimbo, akakunja gauni, akakimbia mwenyewe kumrudisha kondoo.